Talking Timbuktu bado inanikamata

Jamani kuna albamu nikiiweka siwezi kufanya kitu kingine, Talking Timbuktu ya 1994, mzee Ali Farka Touré wa Mali na mpiga gitaa Ry Cooder wa Marekani. Yaani unasikia bluzi kabisa halafu hapohapo unasikia muziki wa asili wa kule mto Niger, na huwezi kusema huu umeishia wapi ule umeanzia wapi. Sikiliza wimbo wa Ai Du, gitaa la mzee linarudia kilekile taratibuuu, halafu anaingia mwanabluzi wa Marekani Gatemouth Brown na viola yake, fidla kubwa kidogo, inalia kama mtu anayeitikia msiba wa jirani. Nyuma yupo Hamma Sankaré anapiga kibuyu, kibuyu tu jamani, na mdundo umeshiba! Kuna sehemu Ali anashika njarka, zeze la uzi mmoja, hapo mimi hoi. Walipata Grammy na walistahili. Ila kwangu wimbo wa Diaraby ndo mwisho wa yote, Cooder hajionyeshi hata kidogo, anamwachia mzee nafasi. Siijui lugha hata moja anayoimba humo lakini inanigusa vibaya mno. Mwenye hedifoni nzuri aisikilize usiku akiwa katulia, na wimbo wa Sega msiuruke tafadhali