Mmea Unavyoikumbuka Baridi

Kwa muda mrefu niliziona histoni, protini ambazo DNA huzizunguka, kuwa vifungashio tu, na hesabu ilinipa sababu. Arabidopsis thaliana, mmea mdogo wa ukoo wa kabichi, una jozi za besi, yaani herufi za DNA, zipatazo milioni 135 katika seti moja ya kromosomu. DNA ya seli yake ya kawaida, yenye seti mbili, ikinyooshwa hufikia sentimita 9 hivi, ilhali kiini kinachoihifadhi kina upana wa maikromita chache. Lazima izungushiwe kitu: jozi 147 hivi huzunguka kishina cha histoni nane, yaani H2A, H2B, H3 na H4, mbilimbili, na hapo hupatikana nyukleosomu moja. Nyukleosomu zikifuatana, pamoja na protini nyingine, ndizo kromatini.

Mikia ndiyo iliyonibadilisha mawazo. Histoni hizo zina mikia inayochomoza nje, nayo hubandikwa alama za kikemia. Asetili ikibandikwa kwenye lisini, mojawapo ya asidi amino zinazounda mkia, huondoa chaji chanya iliyokuwa ikiivuta DNA, mshiko hulegea, na jeni husomeka kwa urahisi. Methili haiondoi chaji hiyo. Maana yake hutegemea mahali ilipokaa. Methili tatu kwenye lisini iliyo nafasi ya 4 ya H3 huandamana na jeni inayofanya kazi. Zikiwa kwenye lisini ya 27, jeni hunyamaza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni jeni ya FLC, ambayo huuzuia mmea kutoa maua. Katika aina za Arabidopsis zinazochanua baada ya majira ya baridi, protini iitwayo VIN3 huongezeka polepole kadiri wiki za baridi zinavyopita, na kwa kushirikiana na protini za kundi la Polikombi, ambazo hunyamazisha jeni, huwezesha lisini ya 27 ya histoni H3 zilizo kwenye FLC kubandikwa methili. Joto likirudi, VIN3 hutoweka, lakini alama hubaki, tena huenea jeni nzima. Hata seli ikigawanyika, histoni za zamani hugawiwa nakala zote mbili za DNA na alama zake husaidia kuwekwa kwa alama mpya jirani. Herufi za DNA zenyewe hazijaguswa. Mbegu inapoumbwa alama hufutwa, kwa hiyo kila kizazi hulazimika kuipitia baridi yake chenyewe.

Nilidhani FLC hufifia kidogo kidogo katika kila seli. Sivyo: kila seli huizima kabisa au huiacha ikiwaka, na kinachoongezeka kwa wiki za baridi ni idadi ya seli zilizozima. FLC ikiunganishwa na protini inayong'aa, mzizi wa mmea uliopozwa kwa muda mfupi huonyesha safu ndefu za seli zinazong'aa kando ya safu zilizo giza, kwa kuwa seli za safu moja zimetokana na mama mmoja na zimerithi uamuzi wake.