Ukimpenda msanii, nunua kazi yake

Jana nimenunua albamu ya dada mmoja wa Mombasa anayejirekodia mwenyewe nyumbani, kupitia Bandcamp, tovuti ambapo wasanii huwauzia mashabiki muziki wao moja kwa moja. Asubuhi akaniandikia: "Asante sana kaka, pesa za nyuzi za gitaa zimepatikana." Nimefurahi mno! Jamani, kusikiliza tu mtandaoni hakumtoshi msanii asiye na lebo, yaani kampuni ya muziki inayomsimamia. Tangu 2024, Spotify hailipi wimbo usiosikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12. Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya albamu za kidijitali, na kwenye zile Ijumaa zao maalumu, zilizoanza Machi 2020, huacha kabisa mgao wao. Huna kadi ya benki ya kununulia mtandaoni? Nenda kwenye onyesho lake, ulipe kiingilio mlangoni. Kuomba kuingia bure kwa sababu mnajuana, hilo linaniuma sana. Jumamosi anapiga Mji wa Kale, mimi nipo. Nani anakuja?