Umbali wa aina mbili

Siku tatu mchoro mmoja umeninyima usingizi. Jana usiku umenipa jibu, na swali kubwa zaidi.

Katika ulimwengu unaopanuka, galaksi moja ina umbali zaidi ya mmoja. Kuna umbali wa mwangaza, tunaoupata kwa supanova za aina ya Ia, nyota zinazolipuka kwa mwangaza unaokaribia kufanana: kadiri inavyoonekana hafifu, ndivyo ilivyo mbali. Kuna umbali wa pembe, tunaoupata kwa kitu ambacho upana wake tunaujua: kadiri kinavyoonekana kidogo angani, ndivyo kilivyo mbali. Kwa galaksi, kitu hicho ni alama ambayo mawimbi ya sauti ya ulimwengu mchanga yaliacha katika mpangilio wa galaksi, ambayo leo ina upana wa takriban miaka ya nuru milioni 490. Mwaka 1933 mwanafizikia Etherington alionyesha kuwa umbali wa mwangaza ni ule wa pembe mara (1+z)², z ikiwa kipimo cha jinsi mwanga ulivyonyooshwa safarini. Pale z inapokuwa 1, mmoja ni mara nne ya mwenzake.

Naupenda sana uhusiano huu kwa sababu hauulizi ulimwengu umejaa nini. Nishati ya giza iwepo au isiwepo, unasimama, mradi fotoni, yaani chembe za mwanga, zisipotee njiani. Ndiyo maana naupima kwanza, kabla ya kushindanisha modeli yoyote.

Kwenye mchoro wangu niligawanya umbali wa mwangaza kwa ule wa pembe mara (1+z)²; uwiano huo ulipaswa kuwa 1 kila mahali. Nilikuwa nimesawazisha vipimo vyote viwili kwa vitu vya karibu, lakini kwenye z ya 0.5 uwiano ulishuka hadi 0.67. Moyo ulinienda mbio. Je, kuna kitu kinachomeza mwanga? Kisha nikaitazama vizuri ile 0.67: ni 1 kugawanya kwa 1.5. Jedwali la galaksi lilikuwa limeshazidisha umbali wa pembe kwa (1+z), nami sikusoma kichwa cha safu. Nikagawanya, nukta zikalala kwenye mstari.

Nikajaribu jambo jingine. Supanova nikazipima kwa Sefeidi, nyota zinazopwita ambazo mwangaza wake halisi tunaujua, zinazotoa kasi ya upanukaji ya takriban kilomita 73 kwa sekunde kwa kila megaparseki, na galaksi kwa kipimo cha Planck, chombo kilichopima mwanga wa kale zaidi wa ulimwengu, kinachotoa takriban 67. Nukta zote zikashuka pamoja hadi karibu 0.92, zimenyooka vilevile. Umbo halijavunjika, kilichohama ni rula. Ule mgogoro wa kasi ya upanukaji, yaani kutopatana kwa 73 na 67, nimeusoma miaka mingi, lakini sikuwahi kuuona ukilala hivi mbele yangu, mstari mmoja chini ya mwingine.

Leo usiku naanza modeli, na mwangaza halisi wa supanova nauacha huru, bila kuufunga kwa rula yoyote.