Bunduki ya povu na tanki la mita tatu

Kijana wa kuosha magari ndiye aliyenisukuma nianze kuosha mwenyewe, na simlaumu sana, maana nilikuwa nimekaa palepale nachezea simu. Alifungua boneti bila kuniuliza, akaipiga injini maji ya presha, akaona amenitendea hisani. Nilipowasha, Toyota IST yangu ikaanza kumisi, inatetemeka kama mtu mwenye homa. Maji yalikuwa yameingia kwenye mashimo ya plagi. Fundi alichomoa koili, akapuliza kwa kompresa, ikapona siku ileile. Ila jioni nilipofika nyumbani, taa ya barazani ikauangukia mlango wa dereva, nikaona kitu kingine: mikwaruzo myembamba ya duara, mamia kwa mamia, kama utando wa buibui. Gari ni jeusi, halifichi kitu. Kitambaa kilichosugua rimu ndicho kilichosugua na milango, kila Jumamosi, kwa miaka miwili, na mimi nikilipa.

Wiki iliyofuata nikashuka Kariakoo nikanunua bunduki ya povu. Kwa ambaye hajaiona, ni kichupa cha lita moja chenye kichwa kama cha bomba la kumwagilia maua. Unaifunga kwenye mpira wa maji wa kawaida. Maji yakipita kwa kasi kichwani yanavuta shampuu kupitia mrija mwembamba ulio ndani ya kichupa, yanachanganyika na hewa, linatoka povu. Ipo nyingine ya kufunga kwenye mashine ya presha, lakini hiyo ina maana ununue na mashine yenyewe, na mimi sikuwa na hela ya mchezo huo. Kwenye picha ya boksi gari lilikuwa limefunikwa povu mpaka vioo havionekani.

Jumamosi saa moja asubuhi nikajipanga uani, Goba hapo, gari chini ya mwembe. Nikaminya. Yakatoka maji ya rangi ya waridi, yanatiririka tu, hata mapovu ya kuhesabu hayakuwepo. Nikazungusha kile kidude cha kuongeza sabuni mpaka mwisho. Waridi ikakolea, basi. Mzee wa jirani alikuwa amesimama kwenye ukuta na mswaki mdomoni.

"Mwanangu, unapulizia dawa ya kunguni?"

"Shikamoo mzee. Naosha gari."

"Marahaba. Haya, osha."

Nikaona tatizo ni shampuu. Mke wangu ana rafiki anayetengeneza sabuni ya maji, ile ya madumu ya lita tano, inayotoa povu mpaka unachoka kusuuza vyombo. Nikajaza hiyo. Ilikuwa kosa, tena mara mbili. Kwanza ni nzito, ikaziba kichujio kidogo kilicho mwisho wa mrija, nikakaa nusu saa nakichokonoa kwa pini. Pili, uzito ule mara nyingi huletwa na chumvi. Ndiyo inayotiwa mwishoni ili sabuni ishikane. Kwa sufuria haina neno. Kwa gari ambalo lina kutu ya kuanzia chini ya mlango wa nyuma, hapana. Na bado povu halikutoka.

Jawabu nililipata kwa fundi bomba aliyekuja kwa kazi nyingine kabisa, koki ya chooni. Nikamwonyesha ile bunduki kama mtu anayemwonyesha daktari jipu. Hata hakuishika. Akatazama juu, kwenye mnara wa simtanki.

"Huu mnara una mita ngapi?"

"Tatu na kidogo."

"Basi bosi, huna presha. Mita kumi ndiyo upate baa moja."

Mpwa wangu, aliyekuwa likizo ya chuo, akacheka sana kusikia mita kumi ndiyo upate baa. Lakini baa hii ni kipimo cha presha, na hesabu ndiyo hiyo: maji yakisimama juu ya bomba kwa mita kumi, yanasukuma kwa baa moja hivi. Tanki langu, hata likijaa pomoni, linanipa kama nne ya kumi ya baa. Vitu hivi vinataka baa mbili, tatu. Nilikuwa nahangaika na sabuni wakati bunduki haina nguvu ya kuivuta. Kwa kuhakikisha nikachukua ndoo ya lita 20 na saa ya simu: ilichukua dakika tatu kasoro kujaa. Mwenye mpira unaojaza ndoo kwa dakika tatu asinunue bunduki ya povu kabla hajatatua hilo.

Nikauliza bei ya pampu. Fundi akaniangalia kwa huruma. "Pampu si unayo?"

Na kweli ninayo. Kama nyumba nyingi za Dar, tuna tanki la chini la kupokelea maji, na pampu ndogo ya nusu hosipawa ya kuyapandisha mnarani. Bandiko lake linasema wati 370 na mita 35, yaani kwa lugha ya baa ni tatu na nusu ikisukuma mpaka mwisho wake. Miaka yote hiyo imekuwa inapandisha maji mita tatu. Fundi akakata bomba linalopanda, akaweka kiungio cha tii, koki mbili, moja ya kwenda mnarani na moja ya mpira wa uani. Vifaa na ufundi vikala shilingi 28,000, pamoja na koki ya chooni.

Tukafunga ya mnarani, tukafungua ya uani, mpwa akawasha. Nikarudisha shampuu ya gari kichupani, kama vidole viwili, nikajaza maji taratibu yasitoe povu humohumo. Nikaminya. Mpira ukakaza mkononi kama nyoka aliyekanyagwa, kisha likatoka povu: jeupe, zito, linatua kwenye boneti na kubaki hapo, linanyanyuka kidogo kama maziwa yanayotaka kumwagika sufuriani. Nikamtafuta mzee wa ukutani, siku hiyo hakuwepo.

Nikaachia kifyatulio ili nihamie upande wa pili. Hapo ndipo mpira ukachomoka kwenye koki kwa kishindo, ukaanza kucheza uani na kulowesha nguo zote zilizoanikwa, zikiwemo shuka za mgeni. "Zima! Zima!" Mpwa badala ya kuzima akakimbia. Pampu ilikuwa inasukuma maji yasiyo na pa kutokea, kwa hiyo yakatafuta mlango wao. Dawa yake fundi alinipa kwa simu: koki ya mnarani usiifunge yote, iache wazi kidogo. Ukiachia kifyatulio, maji yanapanda mnarani. Ukiminya, presha bado inatosha. Inabidi uichezee koki mpaka uone povu linakolea. Nikaongeza na kleipu ya chuma kwenye mpira. Waya wa pampu nao nikautoa chini nikaupitisha juu ya dirisha, kwa sababu uani pale maji hutuama, na umeme hauna utani.

Sasa namna ninavyoosha. Naanza na rimu, zina sponji lake na ndoo yake, na sponji hilo halipandi kwenye bodi hata kwa bahati mbaya. Kisha nasuuza gari zima kwa maji matupu, napiga povu kuanzia chini kwenda juu, naliacha dakika nne, tano. Watu wanadhani povu ndilo linaloosha. Kwa gari langu halioshi kitu. Ukilisuuza hapo utaona utando wa vumbi umebaki. Kazi yake ni kulainisha, ule mchanga wa barabara zetu uache kushikamana na rangi, na mengine yashuke nalo. Ukitazama kwa karibu utaona povu likiteremka mlangoni linaacha njia, na ncha yake ya chini imegeuka kahawia. Ule ukahawia ndio uliokuwa unanichora utando wa buibui.

Baada ya hapo mkono: ndoo mbili, moja ya shampuu, moja ya maji ya kusuuzia sponji. Kila kipande cha gari, sponji linaingia kwanza kwenye maji matupu ndipo lirudi kwenye sabuni. Siku ya kwanza nilipomwaga ile ndoo ya kusuuzia, chini kulibaki mchanga wa kujaa kiganja. Nilimwita mke wangu aje aone. Akaja, akaona, akaniuliza kama nimemaliza na ndoo yake.

Kilichonisumbua mwisho ni maji yenyewe. Tanki letu la chini linajazwa na kisima, na maji ya kisima chetu yana chumvichumvi. Gari likikauka lenyewe juani linabaki na madoa meupe ya duara, na kwenye rangi nyeusi ni kama limeugua tetekuwanga. Yakikaa siku kadhaa hayatoki kwa kufuta. Kwa hiyo suuzo la mwisho sitoi kwenye pampu. Nachota lita kumi za maji ya bomba kwenye pipa la jikoni, namwaga kwa jagi kuanzia paani, kisha nakausha haraka kwa taulo za maikrofaiba, nikibandika na kuvuta, bila kusugua. Masika nakinga mvua kwenye madumu kwa kazi hiyohiyo. Na yote haya yawe yamekwisha kabla ya saa tatu, maana bati la gari jeusi likishapata moto povu linakaukia hapohapo na unaanza upya.

Ile mikwaruzo ya zamani ipo palepale, povu haliifuti. Hiyo inataka polishi, na sijajipanga. Ila mipya sijaiona.

Jumamosi iliyopita umeme ulikatika nikiwa nimeshasuuza vumbi la kwanza. Nikatoa kichupa cha lita mbili cha kupampu kwa mkono, ndugu yake kile wanachopulizia bustani, ila hiki kina ncha ya povu. Unapampu kama mara 30, kinafanya mlango na nusu, unapampu tena. Povu lake ni jepesi kuliko la bunduki lakini linakaa. Nilikuwa nimeinama upande wa taa za nyuma, napampu, jasho linanitoka, mzee akatokeza ukutani.

"Kunguni wamerudi?"