Moto tunaouzima bila mpira wa maji: siku yangu moja kazini

Saa kumi na moja alfajiri niko stoo, tupa ya kunolea mkononi. Watu wakisikia nafanya kazi ya zimamoto huniuliza habari za gari jekundu, king'ora na mpira wa maji. Mimi niko kikosi cha moto wa msituni. Huko tunakokwenda gari halifiki, na maji yetu ni yale tunayobeba mgongoni, kama lita 20 kwa pampu moja. Moto tunauzima kwa kuunyima chakula. Tunachimba ukanda, tunaondoa majani, mizizi na mboji mpaka udongo mtupu uonekane, na moto ukifika hapo haukuti cha kula.

Kunoa hufanya mwenyewe, simwachii mtu. Tupa naisukuma kwa mkupuo mmoja, naiinua, narudi mwanzo. Ukiikokota mbele na nyuma kama msumeno meno yake yanakufa na makali hayaji. Glavu sivui, maana mkono ukiteleza hapa unatelezea kwenye makali. Zana butu ndiyo inayojeruhi watu. Shoka kali huzama kwenye mzizi, lakini butu hudunda, na likidunda linatafuta muundi wako.

Halafu mpini. Naupapasa kutoka juu mpaka chini nikitafuta ufa na vibanzi, napiga msasa palipochubuka, napaka mafuta ya kitani. Mpini uliopakwa rangi siutaki kabisa, rangi huficha nyufa. Mwisho nakitikisa kichwa cha chuma. Kabari ikiwa imelegea, zana hiyo haitoki stoo, hata kama ndiyo iliyobaki peke yake.

Saa moja, maelekezo: moto uko wapi na upepo unatoka wapi, mlinzi wetu amesimama wapi, tunawasiliana vipi, njia ya kukimbilia ni ipi na mahali pa usalama ni wapi. Swali moja likikosa jibu, hatuondoki.

Saa mbili tunapanda mlima kwa miguu. Zana hubebwa mkononi, pale inapokaa mizani, mkono umenyooka, makali yakitazama mbali na mwili, na daima upande wa bondeni. Ukijikwaa unaitupa bondeni, wewe unaangukia upande wa mlima. Kati ya mtu na mtu tunaacha angalau mita 3. Siku hiyo tulikuwa na wenzetu wa kujitolea, na mmoja wao, kijana mwenye nguvu na moyo wa kusaidia, alikuwa ameweka shoka begani.

"Mdogo wangu, lishushe hilo. Ukiteleza hapo litakukata shingo, au litampata anayekufuata."

"Samahani dada." Akalishusha. Nusu saa baadaye lilikuwa begani tena.

Kuanzia saa tatu mpaka saa sita ni kuchimba tu. Tulianzia kwenye mwamba mkubwa usio na jani hata moja, ili moto usipate pa kutuzunguka nyuma. Mbele wanatangulia wenye Pulaski, zana yenye shoka upande mmoja na jembe upande wa pili. Jina ni la Ed Pulaski, askari wa misitu wa Marekani, ambaye katika moto mkubwa wa Agosti 1910 kule Idaho aliwaingiza vijana wake katika handaki la mgodi, na wengi wao wakatoka hai. Kila ninapoishika namkumbuka. Nyuma yao wanakuja wenye reki na makoleo, wanakwangua na kupanua. Kila mmoja anapiga mapigo matatu au manne, anasogea, wa nyuma yake anaendeleza palepale. Hakuna anayemaliza kipande chake peke yake, lakini mstari mzima unatembea. Anayetaka kupita anaita kwanza, "Napita nyuma yako!", na mwenye shoka anaishusha zana chini mpaka apite.

Takataka zisizoungua tunazitupa nje, mbali na moto. Zilizokwisha kushika moto tunazirudisha ndani, kwenye weusi, yaani sehemu iliyokwisha kuungua. Ukichanganya hapo, umeuwekea moto chakula ng'ambo ya ukanda.

Saa saba upepo ukaongezeka, kama kawaida ya mchana, hewa ikakauka mpaka midomo inapasuka. Upande wa nyasi fupi moto ulikuwa wa chini, unafika magotini, nikawagawia wale wa kujitolea mafagio ya moto: bamba la mpira mnene kwenye mpini mrefu. Nikawaonyesha namna ya kulitumia, nikasogea mita chache kuangalia kona ya ukanda.

Niliporudi, yule kijana alikuwa anaupiga moto kama anayetwanga. Analiinua fagio juu ya kichwa, analishusha kwa nguvu zote, na kila pigo linarusha cheche juu. Upepo unazichukua. Nilimwita mara mbili hakunisikia, na kabla sijamfikia nikaona moshi mwembamba, mweupe, ukiinuka nje ya ukanda, kwenye nyasi safi ambazo asubuhi nzima tulikuwa tunazilinda.

Niseme ukweli, nilikasirika. Sikuwa na muda wa kusema kitu. Nilichukua koleo, mwenzangu akaja na pampu. Udongo haurushwi juu ya ndimi, unarushwa chini, kwenye shina lake, kwa kufagia koleo ili utandae. Ukiumwaga rundo moja unafunika sehemu moja na kuacha tatu. Nikarusha, mwenzangu akafuata na maji kidogokidogo, tukakizunguka kile kimoto na kukikwangulia ukanda wake pande zote. Eneo lenyewe lilikuwa dogo kama mkeka, lakini lilitugharimu karibu saa nzima, na pampu ikaisha. Maji yale tulikuwa tumeyapandisha mgongoni tangu asubuhi kwa ajili ya visiki.

Kijana alisimama pembeni, jasho na masizi usoni, akauliza, "Dada, kwani gari la maji linakuja saa ngapi?"

"Haliji. Njoo hapa."

Nikamshikisha fagio, nikaweka mikono yangu juu ya yake. Unaliteremsha taratibu juu ya moto. Unakandamiza, unaacha sekunde, hewa inakatika. Kisha unaliburuta kuelekea kwenye weusi, bila kuliinua juu. Tukafanya pamoja mara tano, sita. Mara ya saba alifanya mwenyewe na moto ukafa chini ya mpira bila cheche hata moja. Akaniangalia. Hasira zangu zikaishia pale. Nilikuwa nimewaonyesha mara moja tu, haraka haraka, na mara moja haitoshi kwa mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya moto.

Baada ya hapo sikumbuki tena saa. Kwenye mteremko tulichimba mfereji wa kina, udongo tukaulundika ukingo wa chini, ili gogo au kaa likiviringika linaswe humo lisivuke. Mgongo ulikuwa umekakamaa. Ukanda ulishika. Moto ulifika, ukalamba ukingo, ukalala. Ukiwa umechimba kwa mikono yako halafu ukaona hivyo, uchovu unaupisha moyo kidogo.

Kilichobaki ndicho kirefu kuliko vyote na hakuna anayekipiga picha: kutafuta makaa yaliyojificha. Kisiki kimoja kilitumaliza. Juu kimezima, majivu meupe, ungeapa kimekufa. Unavua glavu, unasogeza mgongo wa mkono karibu na udongo bila kugusa, kwa sababu kiganja kikiungua kesho hutashika mpini. Joto lilikuwa linapanda kutoka kwenye mzizi mmoja uliopita chini kabisa, kuelekea kwenye ukanda wetu. Tukaufuata kwa Pulaski, tukaukata, tukaukwangua mpaka weusi wote ukatoka, tukachanganya na udongo baridi, maana maji yalikuwa yamekwisha. Tukangoja. Mkono tena. Bado. Tukachimba tena. Mara ya nne hakukuwa na joto, na jua lilikuwa limeshazama bila mimi kuliona.

Tulishuka kwa taa za kichwani, zana upande wa bondeni. Kijana alikuwa mbele yangu, shoka mkononi, mkono umenyooka, na sikumkumbusha.

Stoo nilihesabu zana zote, moja moja, nikazikwangua tope. Kwenye mpini wa koleo nililorushia udongo mchana, kucha yangu ikanasa. Ufa mwembamba kama unywele, karibu na kichwa. Nikaufunga utepe mwekundu na kuliweka koleo kando, asije wa zamu ya usiku akalichukua gizani.