Mama Gagulo na mvua ya Igombe

Saa kumi na mbili asubuhi mitumbwi ya dagaa huwa inaingia mwalo wa Igombe, kando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, na mama yangu saa hiyo hapokei simu ya mtu yeyote, hata ya mjumbe. Yuko majini hadi magotini, anagombania ndoo. Kwa hiyo siku aliponipigia yeye, saa hiyo hiyo, nilikaa kitandani nikijua kuna msiba.

"Mwangaluka, mayu," nikaanza.

"Usinisalimie. Mama Gagulo ni nani?"

Nikajua msiba ni wangu.

Mimi ni mtu wa steshenari. Nina mashine ya fotokopi na kompyuta moja pale Nyakato. Mchana nawachapia watu barua za kuomba kazi, usiku naandika vichekesho vya maisha yangu na kuvirusha mtandaoni. Wiki moja kabla ya simu ile nilikuwa nimeandika jinsi mvua ilivyomkuta mama ameanika dagaa mchangani. Magunia yako mbali, wingu limeshafika, basi akavua kanga aliyojifunga, akaitandika chini na kuanza kukumba dagaa humo. Mwaloni kote wakamwona kwa gagulo la bluu. Kisa cha kweli, ila gagulo sikumbuki lilikuwa rangi gani. Bluu niliiongeza mimi.

Watu walicheka, wakatumiana, na kikazunguka mpaka kikarudi Igombe. Mteja mmoja akamfuata mama na kumwuliza, "Mama Gagulo, ndoo bei gani leo?" Mama akamjibu kwamba kwa jina hilo ndoo imepanda. Kisha akanipigia.

Jumapili nilikwenda kuomba msamaha na kilo mbili za sukari. Alizipokea, msamaha akausogeza pembeni. Sisi Wasukuma tuna utani na Wazaramo, na mama ameujua utani huo kabla sijazaliwa. Akanikumbusha kitu ambacho nilitakiwa kukijua mwenyewe. Mtani akikutania, na wewe unamtania hapo hapo. Anakucheka, unamjibu, mnamalizana. "Wewe umenicheka mbele ya watu nisiowaona," akasema. "Nimjibu nani?"

Tukakubaliana mambo mawili. Kwanza, kisa chochote chenye yeye ndani anasomewa kabla ya mtu mwingine, na mwishoni kunawekwa sauti yake akijibu. Pili, katika kila kisa mjinga mkubwa kuliko wote niwe mimi.

Hilo la pili lilikuwa jepesi, mali ghafi ninayo. Nilianza na siku niliyokwenda ukweni Sengerema na ndoo ya sato. Kwenye kivuko cha Kamanga ndoo zote ni nyeupe na zote zina mfuniko. Mbele ya wazee ikafunguliwa niliyoshuka nayo: mapanki. Kwa msomaji wa mbali, mapanki ni mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa. Posa haikuvunjika, ila hadi leo baba mkwe nikimpelekea kitu chochote anakifungua kwanza. Sauti ya mama mwishoni ilisema sekunde nne tu: "Mimi nilimwambia afunge kitambaa chekundu kwenye mpini." Watu walipenda zile sekunde nne kuliko kisa chote. Roho iliniuma kidogo, nisifiche.

Mchezo wangu wa simu nao ulizaliwa humo humo. Nilikuwa nimeanza kujifunza JavaScript, lugha ya kuandikia programu, kwenye kompyuta ya dukani, wateja wakiisha. Lugha hiyo Brendan Eich aliitengeneza mwaka 1995 kwa siku kumi. Mimi mchezo wangu wa kwanza ulinichukua miezi minne, na michoro ya dagaa ilifanana na funza. Nikauita "Anua". Dagaa wameanikwa mchangani, wingu linakuja kutoka ziwani, wewe unapangusa kioo cha simu kuwakumba kabla mvua haijafika, na huku yangeyange wanadonoa. Mkono wa kupangusa simu na mkono wa kukumba dagaa ni ule ule, ndiyo maana bibi wa jirani, ambaye hajawahi kucheza kitu chochote cha simu, aliucheza bila kuelekezwa.

Sehemu niliyoihangaikia zaidi ni kushindwa. Michezo mingi ukishindwa inakuandikia umeshindwa, basi. Mimi nilitaka mtu acheke pale pale anapokasirika. Dagaa wakilowa na kuharibika huishia kuwa chakula cha kuku, kila mtu wa mwaloni anajua, kwa hiyo ukichelewa anatokea kuku mmoja mnene, anakutazama, anasema, "Asante kwa mchango wako." Baadhi ya watu walikuwa wanashindwa makusudi ili wamwone.

Makosa sasa. Nilichora usiku wenye mwezi mpevu, mkubwa, unang'aa juu ya maji, na mitumbwi chini yake imewasha taa. Nikajisifu. Wavuvi wa Igombe waliuangalia wakacheka kabla hata hawajaanza kucheza, na hicho sicho kicheko nilichokitafuta. Dagaa huvuliwa kwa taa, zamani karabai na sasa taa za betri, na taa zinafanya kazi giza likiwepo. Mwezi ukipevuka mwanga umesambaa ziwa zima, dagaa hawana sababu ya kuifuata taa yako, wavuvi wanapumzika. Mimi mtoto wa muuza dagaa nilikuwa nimewapeleka kazini siku ya mapumziko. Badala ya kuifuta picha, niliigeuza hatua nzima: mwezi mpevu, mchanga mtupu, hakuna cha kuanua, na mvuvi mmoja amelala kwenye mtumbwi. Ukimgusa anasema, "Leo hakuna kazi, bosi." Ukimgusa mara kumi anakuomba hela ya chai.

Kosa la pili lilinichukua wiki mbili kulielewa. Rafiki yangu mwenye simu ya bei mbaya alilalamika kwamba mvua inafika kabla hajapangusa hata mara moja, wakati mimi kwenye simu yangu ya laini mbili nilikuwa naanua mpaka nachoka. Kumbe nilikuwa nimelisogeza wingu hatua moja kila mara kioo kinapojichora upya. Simu nyingi hujichora mara 60 kwa sekunde, za gharama zinafika 120, na yangu ikizidiwa haifiki hata 30. Maana yake tajiri mvua inamfikia mapema, maskini anapewa muda. Nilisita kurekebisha, kwa kweli. Mwishowe nikalipimia wingu kwa saa, si kwa michoro, na usawa wa kawaida wa dunia ukarudi.

Uzito niliushughulikia haraka: toleo la kwanza lilikuwa megabaiti 14, na hakuna mtu wa kumaliza bando lake kwa ajili ya kuku. Nikatupa picha, nikachora kila kitu kwa msimbo, sauti nikazibana, na nikaufanya mchezo ujihifadhi kwenye simu mara ya kwanza ili ukikosa bando bado unacheza. Ukabaki chini ya kilobaiti 400.

Kitu kimoja nilikitoa bila kubishana. Kulikuwa na mtumbwi uliokuwa unazama kwa mlio wa kuchekesha ukikosea hatua ya tatu. Nilimwonyesha mama. Hakucheka, na hakunigombeza pia. Alisema tu, "Wa tarehe 21 Mei 1996 wana ndugu, na ndugu zao wana simu." Alikuwa anasema MV Bukoba, meli iliyozama ziwani siku hiyo. Na mwaka 2018, mwezi Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na Ukara, na kwenye genge la wachuuzi wenzake kuna waliozika watu wao. Nilifuta ule mlio usiku huo huo, na tangu hapo katika vitu vyangu hakuna chombo kinachozama.

Fedha si nyingi. Mchezo wenyewe ni bure, ila umeniletea wateja: mtu anacheza, anauliza nani katengeneza, kisha ananiomba nimwandikie vichekesho vya mshehereshaji wa harusi, na hapo analipa. Fotokopi bado ndiyo inayolipa pango.

Mwezi uliopita mama alimaliza hatua zote. Alinirudishia simu bila hata tabasamu. "Mvua yako haina upepo," akasema. "Ya ziwani huanza na upepo, ndipo tunapojua." Nikakaa siku tatu, nikaongeza upepo: unavuma kwanza, unatawanya dagaa, ndipo wingu linatokea. Sasa anashindwa kila siku, na anawaambia watu mwaloni kwamba mwanawe ameuharibu mchezo.