Rehani ya zamani kwenye hati: jinsi nilivyoimaliza kabla ya kulipa

Upekuzi wa hati ulionyesha nyumba niliyotaka kununua bado ina rehani. Muuzaji akasema deni alishalimaliza zamani, na kweli risiti anazo. Lakini risiti haifuti kitu kwenye daftari la msajili wa ardhi. Inatakiwa hati ya kufuta rehani, iliyosainiwa na mkopeshaji mwenyewe, kisha isajiliwe. Wakili wangu akaongeza kifungu kwenye mkataba: arubuni, yaani malipo yangu ya awali, ikae kwenye akaunti ya mawakili, isimfikie muuzaji mpaka rehani ifutwe, na ikishindikana nirudishiwe yote. Muuzaji alinuna, ila hapo ndipo alipoanza kuifuatilia benki kwa bidii! Rehani ilipofutwa tukarudia upekuzi, sehemu ya vizuizi, panapoandikwa rehani na madai mengine juu ya nyumba, ikawa tupu. Nikasaini uhamisho, nikalipa salio.